Maiti Kavu ya Geita na Ngozi ya Mama Luhende

Mwezi uliopita nilimkabidhi funguo kijana anayenirithi, nikarudi nyumbani. Asubuhi iliyofuata nikajikuta niko mlangoni nimevaa viatu vya kazini. Mke wangu akaniuliza, "Baba Kabula, unakwenda wapi na hospitali umeshaiaga?" Nikavivua. Basi mikono imekosa kazi, ndiyo maana imeshika kalamu. Nyinyi vijana mliobaki na zile meza za maiti mmenisumbua muda mrefu niwaeleze habari ya maiti kavu ya Geita. Mnaihadithia vipande vipande, kila mtu na chumvi yake. Mimi nilikuwepo, na hadi leo nikiikumbuka nywele zinanisimama.

Habari za vyeo nawaachia wenye vyeo. Mimi nilianza kazi hospitali ya serikali Shinyanga katika miaka ya ishirini, nikiwa nimetoka Kishapu na kisomo changu kidogo cha misheni. Nilidhani siku ya kwanza nitavalishwa koti jeupe na kupewa chupa za dawa. Nilipewa ndoo. Aliyenipa alikuwa Mzee Feruzi, Mwislamu wa mjini, babu yake alitoka pwani na misafara. Alikuwa mfunga vidonda, mchemsha vyombo na mwosha maiti, yote hayo mtu mmoja. Akanichukua hadi kile chumba cha nyuma chenye bati bovu. Akasimama mlangoni, akasema kwa sauti, "Hodi."

Nikangoja aitikiwe. Kimya. Akaingia, na mimi nyuma yake, nikaona meza na mtu amefunikwa shuka.

"Mzee," nikamwuliza, "umempigia hodi nani?"

"Huyo hapo. Leo hapa ni kwake. Kwani kwenu mnaingia tu kama mbuzi?"

Akafunua shuka. Nilichokumbuka baadaye ni ndoo ikigonga sakafu, na mimi chini, na Mzee Feruzi juu yangu akisema, "Haya, inuka, ninaye mmoja tu wa kuosha leo, sitaki wawili." Ndiye aliyenifundisha kila kitu: kuchemsha makasi na koleo ndogo, kunoa msumeno wa mifupa, kuosha mikono kwa dawa ya karboli hadi hata ugali unanukia karboli. Wote walioletwa chumba kile aliwaita wagonjwa. Nilimcheka moyoni kwa miaka kadhaa.

Halafu ikaingia miaka ya thelathini na ile homa ya dhahabu. Vijana wa Samuye, wa Kishapu, wa kila mahali wakaacha majembe ya pamba wakaenda Geita. Tuliletewa vidole vilivyosagwa, miguu iliyoangukiwa na miamba, na vifua vilivyojaa vumbi. Nikadhani sasa nimeona yote.

Siku moja lori kutoka Geita lilifika mchana, dereva akashuka akasimama mbali na lori lake mwenyewe. Nyuma kulikuwa na sanduku la mbao. Askari wakaliteremsha, na nikashangaa jinsi lilivyokuwa jepesi, watu wawili wanalibeba kama limejaa manyoya. Tukaliingiza, Mzee Feruzi akapiga hodi yake, tukafungua kifuniko.

Jamani! Ndani kulikuwa na mtu ameketi. Magoti yamekunjwa hadi kifuani, mikono imeyakumbatia, kichwa kimeinama. Ngozi ipo yote, ya rangi ya kahawia, imekauka imeshika mifupa. Nywele zipo. Kucha zipo. Nikainama kumtazama usoni nikaona kope, kope kabisa, zimelala kwenye macho yaliyofumba. Hakuwa na harufu ya kuoza hata kidogo. Nilirudi nyuma hadi mgongo ukagota ukutani, na Mzee Feruzi, ambaye sikuwahi kumwona akishtuka, alikuwa anasema "Lahaula, lahaula," mkono mdomoni.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Kulikuwa na ndugu wawili wa Samuye, Luhende mkubwa na Sitta mdogo. Walikwenda pamoja kuchimba Geita, wakapiga kambi chini ya kilima kimoja. Akarudi Sitta peke yake. Akasema walikosana, Luhende akaenda zake magharibi na wachimbaji wengine. Mavuno ya pamba yakapita, Luhende haonekani. Kisha wafanyakazi wa kampuni moja wakawa wanapasua ubavu wa kilima kile kile, mwamba ukafunguka, ndani wakamkuta mtu huyu, na kichwa chake kimepasuka juu ya sikio. Wakatimua mbio wakipiga kelele kwamba ni yule Msukuma aliyepotea. Sitta akakamatwa kwao, na kwa kuwa yeye yuko rumande Shinyanga, maiti ikaletwa kwetu.

Mama yao akaitwa kuitambua. Mama Luhende alikuwa mjane, mrefu, hana maneno mengi. Alitembea kutoka Samuye, na nyuma yake wapwa zake wakiwa wamebeba ngozi mbichi ya ng'ombe, bado inadondosha damu. Kwetu Usukumani mtu huzikwa amefunikwa ngozi ya ng'ombe, na yeye alikuwa amechinja dume alilobakiwa nalo. Hakuja kuuliza kama ni mwanawe. Alikuja kumfunika.

Aliingia, akamtazama. Akateremka kwa macho hadi miguuni. Kidole cha pili cha mguu wa kulia kilikuwa kimepanda juu ya kidole gumba. Mama Luhende akakishika.

"Ndiye," akasema. "Kidole hiki ni cha baba yake. Luhende ng'wanone, mwanangu."

Wakamleta Sitta na pingu zake. Alimwona. Akapiga magoti mbele ya sanduku, akasema kwa Kisukuma, "Kaka, nisamehe. Mimi ndiye niliyekulaza nje."

Sajini wa polisi, mtu wa pwani, akatafsiri neno kwa neno. Bwana Shauri, mzungu wa utawala aliyeshika kesi, akaandika. "Amekiri," akasema.

Lakini hakukiri. Msukuma yeyote anajua kwamba ukimkuta ndugu yako hajazikwa, huwezi kumgusa kabla ya kumwomba radhi kwa kumwacha nje. Hata kama ulikuwa umelala kwako hujui lolote, radhi unaiomba. Nikajitia ujasiri nikamweleza sajini, sajini akamweleza Bwana Shauri, na Bwana Shauri akasema kwamba desturi si kinga ya kitanzi. Hapo ndipo Mama Luhende alipoelewa. Nilimwona uso ukimbadilika. Kwa kushika kile kidole alikuwa amempata mwana mmoja na kumtia kamba shingoni wa pili.

Akageuka akamkuta daktari wetu mlangoni. Daktari huyu tulimwita Bwana Miwani kwa sababu alivaa miwani moja puani na nyingine kwenye paji la uso. Alikuwa akiitazama ile ngozi mbichi kwa hofu zaidi kuliko maiti.

"Mwambieni mama asimfunike," akasema. "Unyevu ule utamwozesha kwa siku chache, na mimi bado sijamwuliza kitu."

Loo, kilitokea kizaazaa! Wapwa wakaja juu, ngozi imeshafika, ng'ombe ameshakufa, mtu atalalaje uchi? Mzee Feruzi ndiye aliyeingia kati. Akamwita Mama Luhende kando, akamwambia, "Dada yangu, iwambe hapa uani petu. Mgonjwa akimaliza shughuli na daktari, utamfunika. Mimi ndiye nitakayekufungulia mlango." Mama akakubali. Wakaiwamba uani kwa vigingi, na yeye akakaa pembeni yake. Hakurudi Samuye. Kila siku aliikwangua kwa jiwe na kuifikicha kwa mikono, na sisi tukapita na ndoo zetu tukimwamkia, "Shikamoo mayu," yaani mama, naye anaitikia bila kuinua macho.

Sasa nawaambia kazi yenyewe, maana najua ndiyo mnayoitaka. Ngozi iliyokauka namna ile huwezi kuikata, inavunjika kama kigae. Bwana Miwani akaniambia nichanganye spiriti, maji na magadi. Magadi yale yale ya kupikia maharage, nilitumwa sokoni. Tukaloweka kipande kidogo cha ngozi na baada ya muda kikalainika, ukakikunja hakivunjiki. Akakikata chembamba sana, akakiweka kwenye hadubini, akaniita nichungulie. Nikaona vinyweleo na mashina yake, kila kimoja mahali pake. Nilishtuka nikasema mtu huyu amekufa juzi.

"Ndivyo anavyosema Bwana Shauri," daktari akanijibu. "Lakini tazama meno."

Meno ya nyuma yalikuwa yamelika hadi yakawa bapa, na ya mbele pia, yote yapo. Mtu aliyetafuna mchanga na mizizi maisha yake yote. Kisha akanionyesha ule mpasuko wa kichwa. Kingo zake zilikuwa nyeupe, safi, hazina rangi ya kahawia ya mfupa mwingine. Kichwa kilipasuka kikiwa kimeshakauka, na huenda ni sururu ya wale waliomfukua. Siku ile mikono yetu ikaanza kuwasha hadi tukajikuna kama wenye upele. Daktari akapima lile vumbi lililomjaa maiti, akakuta lina sumu, ile wanayoulia panya. Mwamba wa kule unayo. Wadudu hawakumgusa kwa sababu angewaua. Kuanzia hapo tulifunga vitambaa puani, na Mzee Feruzi akawa anasema kwamba huyu ni mgonjwa wa kwanza kutaka kumtanguliza yeye.

Daktari akamwita mtaalamu wa miamba wa ile kampuni, tukampa jina Bwana Mawe. Alikuwa amepanda mwenyewe hadi kwenye lile tundu. Bwana Shauri naye akaja na sajini wake, na Bwana Mawe, kwa Kiswahili chake cha kambini, akaniomba mablanketi ya wodini. Akayatandika sakafuni moja juu ya jingine.

"Blanketi la juu, hii majani na majembe ya leo," akasema. "La pili, vigae vya vyungu na mavi ya chuma, watu wanayeyusha chuma pale zamani. La tatu, majivu na vipande vya mawe ya kukatia, chuma hakuna hata kidogo. Chini kabisa, huyu." Akatia mkono chini ya mablanketi yote kutoka ubavuni. "Watu wangu waliingia hapa, ubavuni. Juu hakuna aliyepasua. Mtu akimzika huyu mwaka jana, lazima atoboe mablanketi yote. Hayana tundu."

"Ana umri gani basi?" Bwana Shauri akauliza.

"Sijui. Maelfu ya miaka. Kabla mtu yeyote nchi hii kujua chuma."

Nilijikuta nimekaa chini bila kuambiwa. Hebu fikirini. Nilikuwa nimemfuta mtu yule vumbi kwenye kope. Nilikuwa nimemshika mkono.

Bwana Shauri hakuyumba. Akasema mablanketi ni mablanketi, mama amemtambua na kijana amekiri. Basi Bwana Miwani akarudi mezani. Kwenye bega la kushoto, chini ya ngozi, kulikuwa na kitu kigumu. Tukaliloweka bega kwa vitambaa vya magadi na spiriti, nikampa kisu, akafungua polepole. Mfupa ulikuwa umevimba mahali, na katikati ya uvimbe kimechomoza kitu cheupe. Akakigonga kwa ncha ya koleo. Kikalia. Ilikuwa ncha ya jiwe jeupe la kung'aa, limechongwa kali pande zote mbili, na mfupa umekua ukalizunguka ukalikamata.

Mtu yule alipigwa mshale wa jiwe, akapona, akaishi nao miaka begani. Bwana Miwani alivua miwani zote mbili akaketi juu ya ndoo yangu, na Mzee Feruzi akamwekea mkono mgonjwa kichwani akasema, "Pole, bwana. Pole sana."

Bwana Shauri alilitazama jiwe muda mrefu. Nadhani hapo na yeye aliingiwa na baridi. Akasema, "Mwiteni mama. Asiambiwe tulichokiona. Nitamwuliza mwanawe alikuwa na alama gani, basi." Na kwa kuwa Kisukuma cha sajini kilikuwa cha kubabaisha, nikaambiwa nitafsiri mimi, nisiongeze wala nisipunguze.

Vijana, nimeshika watu wakikata roho mikononi mwangu, lakini sijapata kutokwa jasho kama siku ile. Mama Luhende alisimama mbele ya meza, Sitta ukutani na pingu. Nikamwuliza kama nilivyoagizwa: Luhende alikuwa na jeraha mahali popote, kichwani, begani, mguuni? Na meno yake yalikuwaje?

Alimtazama Sitta, akamtazama Bwana Shauri, kisha akanigeukia mimi, akasema kwa sauti ya chini, "Ng'wanone, wewe ni mtu wa kwetu. Wanataka niseme nini?"

Jibu nililijua. Neno lilikuwa limenifika kooni. Angesema ana jeraha begani, Sitta amekwisha. Naye hakujua. Alikuwa yuko tayari kusema lolote lile liwalo, mama wa watu, na hakujua ni lipi linalomwokoa mwanawe. Bwana Shauri akanikazia macho. Nikasema, "Mayu, sijaruhusiwa."

Akavuta pumzi.

"Basi nitasema ninachokijua," akasema. "Luhende alipougua surua nilimpaka mafuta mwenyewe, mwili mzima, na alipokuwa mkubwa nilimfunga jeraha la pembe ya ng'ombe. Lilikuwa shingoni. Mabega yake yalikuwa laini, hayana kitu. Na jino lake la mbele la juu lilivunjika akiwa mdogo, alianguka mtini kwa sababu ya asali. Akicheka alilificha kwa ulimi." Kisha akauliza, "Nimemuua?"

Nilitafsiri yote isipokuwa neno hilo la mwisho, lilinishinda. Bwana Miwani akainua kichwa cha maiti taratibu, akaonyesha meno ya mbele. Yote yapo. Akaonyesha shingo. Haina kovu. Bwana Shauri akafunga daftari lake, akasema kwa Kiswahili, "Mfungueni."

Pingu zilipotoka, Sitta alikwenda kuanguka miguuni pa mama yake. Mama akamwinua kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili akamtandika kofi lililotushtua sote. "Ndugu yako ulimwacha wapi?"

"Mayu, aliniambia nisimfuate! Tuligombana kwa ajili ya sufuria, sufuria tu! Akaenda Usumbwa, kule magharibi, na wenzake. Nilimwita, hakugeuka."

Ndipo akamkumbatia, wakalia wote wawili, na sisi tukatoka nje tukajifanya tunahesabu ndoo.

Yaliyobaki ni machache. Ikaamuliwa mtu yule apelekwe pwani kwa treni na kutoka huko ng'ambo kwa meli, kwa mabingwa wanaochunguza watu wa kale. Sanduku jipya likatengenezwa, nikalitandika pamba. Tulipokuwa karibu kupiga misumari, Mzee Feruzi akanishika mkono. Akaenda mlangoni akaufungua, kama alivyoahidi. Mama Luhende alikuwa amesimama nje na ile ngozi mabegani, imekauka kabisa, na kwa kufikichwa imelainika kama nguo.

"Hodi," akasema. Sijui alijifunza kwetu au ni desturi yake.

Bwana Miwani akamwambia, na nikamtafsiria, kwamba amshukuru Mungu, huyu si wake, arudi na ngozi yake nyumbani.

"Nimesikia si wangu," akasema. "Mama yake yuko wapi?"

Nikamtafsiria daktari. Akakohoa. "Mwambie alikufa zamani sana. Kabla ya babu wa mababu zake."

"Basi hapa hana mtu."

Bwana Miwani aliigusa ngozi, akaifikicha kati ya vidole, akainusa kutafuta unyevu. Haukuwepo. Akasogea pembeni. Mama Luhende akaitandaza juu ya yule mtu aliyeketi, akaichomeka mgongoni, akaifunika miguu, na alipofika kwenye kile kidole kilichopandana alisita kidogo, kisha nacho akakifunika. Bwana Miwani alikuwa amevua kofia. Mimi sikuweza kujizuia.

"Mayu," nikamwuliza, "na Luhende je? Ng'ombe ndiye huyo mmoja."

"Kama yu hai atarudi," akasema. "Na kama amelala nje, huko alikokwenda nako kuna mama wa mtu."

Kisha akamwita Sitta aje ashike upande wa pili wa sanduku.